Farasi-Bahari wa Tanga: Je, Aweza Kufugwa Nyumbani?

Mvuvi wa Sahare au wa Kigombe anapokung'uta wavu wake ufukweni, mara nyingine huanguka mchangani kiumbe kidogo kisichofanana na samaki yeyote mwingine. Kichwa chake ni kama cha farasi, mkia wake umejikunja kama wa kinyonga, tumbo lake limetokeza mbele, na mwili wake wote ni mgumu kana kwamba umevikwa deraya. Watoto humwokota, humkausha juani, kisha humweka dirishani kuwa pambo. Huyo ndiye farasi-bahari. Wengi wetu twamjua akiwa mkavu tu. Waliopata kumtazama akiwa hai, ameshika jani kwa mkia wake huku akiyumba na maji, ni wachache.

Katika miji mingi ya dunia wako watu wanaomfuga samaki huyu katika matangi ya kioo majumbani mwao, na baadhi yao wamefaulu hata kumzalisha. Mwanafunzi wa Tanga, ambaye bahari iko mlangoni pake, ana haki ya kuuliza: je, mimi nami naweza? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Jibu lenyewe litapita njia ndefu kidogo, kwa sababu atakaye kumfuga farasi-bahari hana budi kuifanya kwa mikono yake kila kazi ambayo bahari huifanya bure. Atakapomaliza kuzihesabu kazi hizo, huenda akaitazama bahari kwa jicho jingine.

SAMAKI ASIYEFANANA NA SAMAKI

Ingawa umbo lake ni la ajabu, farasi-bahari ni samaki kamili. Ana uti wa mgongo, anapumua kwa matamvua, na ndani ya mwili wake mna kibofu cha hewa kinachomwezesha kuelea. Jina lake la kisayansi ni Hippocampus, neno lililotokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya farasi na dude la baharini. Wataalamu wa mwili wa binadamu nao walilichukua jina hilo wakaipa sehemu moja ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa kuwa sehemu hiyo imejipinda kama samaki huyu.

Duniani zipo zaidi ya spishi 40 za farasi-bahari, na kadhaa kati yao huishi katika upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Yuko Hippocampus kuda. Yuko Hippocampus histrix mwenye miiba mwili mzima. Na yuko Hippocampus kelloggi, aliye mkubwa na apendaye kina kirefu. Tena yuko Hippocampus camelopardalis, ambaye urefu wake ni kama sentimita 10, na ambaye alielezwa kisayansi mwaka 1854 kutokana na samaki waliopatikana Msumbiji. Msomaji aliyesoma elimu ya viumbe atakumbuka kwamba neno hilo camelopardalis ndilo pia jina la twiga. Basi bahari yetu nayo ina twiga wake.

Badala ya magamba, farasi-bahari ana ngozi nyembamba iliyotandwa juu ya pingili za mfupa. Pingili hizo humkinga, lakini pia humzuia kuupinda mwili wake kama samaki wengine wanapoogelea. Kwa hiyo hutegemea pezi moja dogo la mgongoni, ambalo hutikisika kwa kasi ya hata mara 35 kwa sekunde, pamoja na mapezi mawili madogo yaliyo karibu na kichwa, ambayo humsaidia kugeuka. Mkia wake hauna pezi. Kazi yake ni kushika. Macho yake huzunguka kila moja kwa njia yake, kama ya kinyonga, na kama kinyonga pia aweza kubadili rangi ili afanane na mahali alipo.

Namna yake ya kula nayo ni ya pekee. Mdomo wake ni mrija usio na meno. Hungoja kimya mpaka mnyama mdogo apite karibu, kisha huinua kichwa ghafla na kumfyonza kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Chakula hicho hupita upesi katika utumbo, kwa maana farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhia chakula.

Hapa tumepata mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, hawezi kushindana na mkondo wenye nguvu. Pili, hawezi kukaa bila kitu cha kushika. Tatu, kwa kuwa hana tumbo, hawezi kula leo akasubiri hadi keshokutwa. Mambo haya matatu ndiyo yatakayotuhukumu tutakapofika kwenye tangi.

BABA ABEBAYE MIMBA

Jambo linalomfanya farasi-bahari avutie zaidi katika darasa la elimu ya viumbe ni uzazi wake. Kwa farasi-bahari, abebaye mimba ni dume.

Dume ana kifuko mbele ya mwili wake, chini ya tumbo, mahali mkia unapoanzia. Jike hana kifuko hicho, na kwa njia hii ni rahisi kuwatofautisha wakiwa wamekomaa. Wakati wa kujamiiana, wawili hao hung'ara rangi, hushikana mikia, huogelea sambamba, kisha hupanda pamoja kuelekea juu ya maji. Wakiwa wameelekeana, jike hupitisha mayai yake hadi ndani ya kifuko cha dume, na humo ndimo yanamorutubishwa kwa mbegu za dume.

Mtu asidhani kwamba kifuko hicho ni mkoba tu wa kubebea mayai. Ukuta wake wa ndani huota mishipa mingi ya damu na kulizunguka kila yai. Kwa njia hiyo viinitete hupata oksijeni na baadhi ya virutubisho. Zaidi ya hayo, kiasi cha chumvi katika umajimaji wa kifuko hubadilika hatua kwa hatua mpaka kufanana na cha bahari, ili watoto watakapotoka wasipatwe na mshtuko. Kwa maneno mengine, dume hufanya kazi inayofanana na ile ya kondo la nyuma kwa mama wa kibinadamu.

Katika spishi za maji ya joto, mimba huchukua takriban wiki mbili hadi nne, kwa kutegemea spishi na joto la maji. Kisha, mara nyingi usiku au alfajiri, dume huanza kujikunja na kujikunjua kwa nguvu, na watoto hurushwa nje kwa makundi. Idadi yao huweza kuwa makumi machache, mia mbili au tatu, na kwa spishi kubwa hata zaidi ya elfu moja. Kila mmoja ni mdogo kama kipande cha uzi, lakini umbo lake limekamilika. Baba hawalei tena. Baada ya saa au siku chache huweza kupokea mayai mengine.

Kwa nini mpango huu? Faida moja inaonekana wazi: wakati dume anabeba mimba, jike huyatumia majuma hayo kutayarisha mayai mapya, na hivyo kazi inagawanywa na muda haupotei. Lakini mpango huo hutaka wawili hao wajuane na kwenda kwa wakati mmoja. Mtaalamu Amanda Vincent, aliyewachunguza farasi-bahari chini ya maji karibu na Sydney, Australia, alionyesha kwamba katika spishi ya huko dume na jike hukutana kila asubuhi wakasalimiana kwa kucheza pamoja kwa dakika kadhaa, kisha kila mmoja hurudi kwake. Katika spishi nyingi jozi hubaki pamoja msimu mzima wa uzazi. Mvuvi akimchukua mmoja, aliyebaki hukosa mwenzi, na uzazi husimama kwa muda.

KUIJENGA BAHARI NDANI YA KIOO

Sasa na tujaribu kumfuga. Tuchukue tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 120,000, yaani lita 120. Kiasi hicho chatosha kwa jozi moja ya farasi-bahari wa kadiri. Kimo ni muhimu kuliko urefu: tumekwisha kuona kwamba wakati wa kujamiiana dume na jike hupanda pamoja, na tangi fupi huwafanya wayaangushe mayai.

Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali katika kila kilo moja. Kwa hesabu ya karibu, lita zetu 120 zina kilo 4.2 za chumvi. Chumvi hiyo haiondoki kwa mvuke. Yanayoondoka ni maji matupu. Joto la Tanga likivukiza lita 5, chumvi ile ile itabaki katika lita 115, na kiasi chake kitapanda kutoka gramu 35 hadi gramu 36.5 hivi kwa lita. Mfugaji asiyejua huongeza maji ya bahari, na hivyo huzidisha chumvi siku hata siku. Mfugaji ajuaye huongeza maji baridi yasiyo na klorini, na hupima kwa hidromita.

Mkazi wa pwani ana bahati ya kupata maji ya bahari bila kuyanunua, ila achague mahali na wakati. Yafaa ayateke maji yanapojaa, mahali pasafi palipo mbali na bandari na mifereji ya mji. Asiyateke karibu na mahali Mto Pangani au Mto Sigi unapoingia baharini, wala baada ya mvua kubwa za masika, kwa sababu maji baridi ya mto hupunguza chumvi na huleta matope. Ayachuje kwa kitambaa, kisha ayaache yatulie gizani kabla ya kuyatumia.

Baada ya chumvi huja suala la uchafu. Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula yanapooza hutoa amonia zaidi. Amonia ni sumu. Baharini uchafu huo husambaa katika maji mengi mno na kushughulikiwa na bakteria walio mchangani, kwenye miamba na kwenye majani. Aina moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu; aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Katika tangi jipya bakteria hao bado ni wachache. Hapana budi kuliendesha tangi kwa wiki nne hadi sita, likiwa na mchanga, mawe na chujio, kabla ya kuingiza samaki. Wafugaji wengi wanaoanza huwapoteza samaki wao katika wiki za mwanzo kwa sababu tu hawakuwa na subira hii. Hata baada ya hapo, nitrati huendelea kujikusanya, na kila wiki sehemu ya kumi au ya tano ya maji hutakiwa kubadilishwa.

Kisha huja joto. Bahari ya pwani yetu huwa na nyuzi 25 hivi za Sentigredi wakati wa kusi, na hukaribia nyuzi 30 mwishoni mwa kaskazi. Mtu angedhani kwamba tangi lililo katika chumba cha Tanga halina tatizo lolote. Lakini katika maji machache yaliyofungiwa, joto huleta hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: maji ya bahari yenye nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 7.4 hivi katika lita, lakini yenye nyuzi 30 hubeba miligramu 6.2 tu. Ya pili ni kwamba bakteria wa maradhi, hasa wale wa jamii ya Vibrio, huongezeka upesi joto linapozidi. Kwa sababu hiyo wafugaji wenye ujuzi huwaweka hata farasi-bahari wa nchi za joto katika nyuzi 22 hadi 25. Mfugaji wa Tanga, mnamo Februari, atahitaji kupoza maji, si kuyapasha moto. Na umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa ikasimama, asubuhi huenda akakuta msiba.

Mwisho ni vitu vya kushika. Farasi-bahari akikosa jani au tawi hujishika kwa mwenzake, na wote wawili hudhoofika. Mtu wa Tanga atafikiri upesi kutumia kamba ya katani, lakini katani huoza majini na kuchafua tangi. Kamba ya nailoni iliyofungwa jiwe yafaa zaidi. Maji yatembee polepole, na wanyama wenye kuchoma au kubana, kama vile viwavi vya baharini na kaa, wasiwekwe pamoja naye.

CHAKULA: MTIHANI ULIO MGUMU ZAIDI

Tuseme maji yamekuwa mazuri. Je, samaki atakula nini? Farasi-bahari aliyevuliwa baharini huvizia kinachojongea. Punje za chakula kikavu zinazouzwa madukani kwake si chakula hata kidogo. Anataka viduduvi vya jamii ya kamba, vilivyo hai, mara mbili au tatu kila siku. Wakazi wa pwani wanawajua uduvi, ambao akina mama huwatanda kwa nguo katika maji mafupi. Uduvi wachanga na viumbe wengine wa ukubwa huo ndio riziki ya farasi-bahari. Lakini nani atakayekwenda kutanda asubuhi na jioni, masika na kiangazi, siku za bamvua na siku za maji mafu, kwa ajili ya samaki wawili?

Wafugaji duniani hutumia pia mnyama mdogo wa maji ya chumvi aitwaye Artemia. Mayai yake makavu huweza kuhifadhiwa muda mrefu, na yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28 hivi huanguliwa kwa muda wa siku moja. Katika Afrika Mashariki mnyama huyu aliingizwa katika mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Malindi, Kenya, katikati ya miaka ya 1980. Hata hivyo, Artemia peke yake hana mafuta ya kutosha anayohitaji samaki wa baharini. Hutakiwa kwanza kulishwa miani midogo sana ili naye awe chakula bora. Hivyo mfugaji wa farasi-bahari hugeuka kuwa mfugaji wa Artemia, na mfugaji wa Artemia hugeuka kuwa mkulima wa miani. Mnyororo wa chakula uliochorwa ubaoni darasani sasa wamdai saa zake kila siku.

KUWALEA WATOTO

Iwapo dume atazaa tangini, kazi ndiyo kwanza inaanza. Watoto mia mbili hawana akiba ya kiini cha yai ya kuwatosha. Hutaka kula siku ile ile waliyozaliwa, na vyakula vyao havizidi kiasi cha nusu milimita. Huelea karibu na uso wa maji. Wakikusanyika juu sana huweza kumeza mapovu ya hewa, wakaelea bila kuweza kushuka, wakafa njaa chakula kikiwa chini yao. Mwanga wa pembeni huwavuta kwenye kioo. Kwa hiyo wafugaji hufunika kando za tangi kwa karatasi nyeusi, huacha mwanga uingie kutoka juu, hutumia chombo chenye mzunguko wa maji wa taratibu, huwalisha mara kadhaa kwa siku, na kila siku hufyonza uchafu ulio chini.

Hata baharini ni wachache tu wanaofikia utu uzima. Na tufikiri kidogo: ili idadi ya farasi-bahari isipungue, jozi moja katika maisha yake yote inahitaji kuacha nyuma watoto wawili tu waliokomaa. Waliosalia, pengine maelfu, huwa chakula cha wengine. Tusidanganywe basi na wingi wa watoto. Wingi huo ni kipimo cha hatari wanayokabiliana nayo.

Pamoja na shida hizi zote, kazi hii imewezekana. Nchini China majaribio ya kuwafuga farasi-bahari yalianza tangu miaka ya 1950. Mwaka 1998 ilianzishwa huko Hawaii kampuni iliyofaulu kuwazalisha kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya wafugaji wa nyumbani. Siri mojawapo ya kufaulu kwao ni kwamba samaki waliozaliwa tangini huweza kufundishwa tangu utotoni kula viduduvi vilivyogandishwa kwa barafu. Huyo ndiye farasi-bahari anayefaa kufugwa. Aliyetolewa baharini, aliyekwisha zoea chakula hai na maji mapana, mara nyingi hudhoofika kwa njaa na maradhi, hata akiangaliwa kwa upendo mwingi.

BIASHARA NA SHERIA

Tishio kubwa kwa farasi-bahari halitoki kwa mwanafunzi mwenye tangi moja. Mamilioni ya samaki hawa hukaushwa na kuuzwa kila mwaka, hasa kwa ajili ya dawa za jadi za Mashariki ya Mbali, na wengi wao hunaswa bila kukusudiwa katika nyavu za kukokota. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2000 nchini Kenya na Tanzania ulionyesha kwamba pwani yetu nayo ilikuwa imeingia katika biashara hiyo, na kwamba farasi-bahari wakavu walikuwa wakipelekwa nje kutoka Tanzania. Kwa kuwa samaki mkavu ni mwepesi mno, kilo moja tu huwa na mamia kadhaa ya samaki. Kila kilo ni jozi nyingi zilizovunjwa.

Kwa sababu hiyo nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania imo tangu mwaka 1979, zilikutana Santiago, Chile, mwaka 2002, zikakubaliana kuziweka spishi zote za farasi-bahari katika Nyongeza ya Pili ya mkataba huo. Uamuzi ulianza kutumika Mei 2004. Tangu hapo, kumpeleka farasi-bahari nje ya nchi, awe hai au mkavu, kunahitaji kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauhatarishi spishi. Kimo cha sentimita 10 pia kilipendekezwa kuwa cha chini kwa samaki wa biashara, ili kila mmoja apate nafasi ya kuzaa kabla ya kuvuliwa. Mwalimu au mwanafunzi mwenye haja ya kumchukua kiumbe yeyote wa baharini kwa masomo yampasa kwanza kuuliza katika ofisi ya uvuvi ya wilaya yake. Hasa akumbuke kwamba sehemu ya bahari ya Tanga, tangu mwaka 2009, ni hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya samaki mwingine wa ajabu, yule wa kale aitwaye silakanti.

BUSTANI ILIYO CHINI YA MAJI

Sasa na tulifunge tangi letu, tushuke ufukweni wakati wa bamvua maji yanapokupwa. Kati ya mikoko na miamba ya matumbawe, tangu Moa na Mkinga kaskazini hadi Pangani kusini, mna sehemu pana zilizofunikwa na nyasi za baharini. Nyasi hizi si mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za baharini zina mizizi, shina, majani na maua, kama mimea ya nchi kavu.

Kila kazi iliyotushinda tangini, hapa hufanywa kimya kimya. Majani hupunguza nguvu ya mkondo. Majani hayo hayo ni mamia ya vishikio kwa mkia wa farasi-bahari. Mchana hutoa oksijeni. Mizizi hushika mchanga ili maji yasitibuke, na bakteria wa mchangani huondoa amonia bila chujio wala umeme. Katikati ya majani huzaliwa uduvi na viduduvi wasiohesabika, mchana na usiku, bila mtu kwenda kutanda. Na si farasi-bahari peke yake anayefaidi. Tafi anayeingia katika dema la mvuvi hula katika nyasi hizo; changu wengi hukulia humo; kasa na nguva huzitegemea.

Kwa hiyo anayekokota juya juu ya nyasi, anayelipua baruti, au anayekata mikoko hata tope likamwagika baharini, huvunja tangi ambalo hakuna fundi awezaye kulijenga upya kwa kioo. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, lakini pwani ya Tanga imeumizwa nao sana. Kati ya mwaka 1994 na 2007 vijiji vya mkoa huo, pamoja na halmashauri zao, vilijifunza kupanga matumizi ya bahari kwa pamoja na kuyapumzisha baadhi ya maeneo ya miamba. Somo lililopatikana ni kwamba sheria hupata nguvu pale wavuvi wenyewe wanapoiona faida yake.

MAMBO YA KUFANYA SHULENI

Shule ambayo haiwezi kumfuga farasi-bahari yaweza kujifunza mengi kutokana naye. Kwanza, jazeni chombo cha kioo maji ya bahari, pimeni kimo cha maji kila siku kwa wiki mbili, kisha pigeni hesabu ya ongezeko la chumvi kwa kila lita. Pili, tengenezeni fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50. Wakati wa bamvua iwekeni mahali kumi katika nyasi za baharini, mkakadirie sehemu iliyofunikwa na majani na kuhesabu wanyama mnaowaona. Rudieni kazi hiyo wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, mlinganishe. Msing'oe nyasi, na kila jiwe mlilopindua lirudisheni lilivyokuwa. Tatu, waulizeni wavuvi wazee ni wapi walipowaona farasi-bahari zamani, na kama bado wapo.

Mkimwona aliye hai, tazameni kama ana kifuko, mchoreni, andikeni kina cha maji na aina ya majani aliyoshika, kisha mwacheni hapo. Mvuvi akimpata hai wavuni, mwekeni katika ndoo ya maji ya bahari kivulini kwa dakika chache tu, mtazameni, halafu mrudisheni penye nyasi.

Je, farasi-bahari aweza kufugwa nyumbani? Aweza, ikiwa amezaliwa tangini, na ikiwa mfugaji wake ana maji safi, umeme usiokatika, chakula cha kila siku na subira ya miezi. Yule wa Tanga anayo tayari nyumba iliyo bora kuliko tangi lolote. Anachohitaji kutoka kwetu ni kuiacha isimame.